Ndoana ya Riziki na Ndoana ya Starehe

Samaki aliye majini hana mwenyewe. Hana chapa ubavuni kama ng'ombe, wala hana ua wa kumzunguka kama shamba. Huwa mali ya mtu siku anapovuliwa. Kabla ya siku hiyo yawezekana kusema kuwa ni mali ya wote, na yawezekana kusema kuwa si mali ya yeyote. Tofauti ya maneno haya mawili ni ndogo masikioni lakini ni kubwa katika matendo. Kisicho cha mtu huchukuliwa na aliyewahi. Kilicho cha wote hakichukuliwi kwa haki ila kwa kuwakumbuka wengine wenye sehemu ndani yake. Katika pwani ya mashariki ya Marekani jambo hili limewagombanisha wavuvi kwa vizazi juu ya samaki mmoja, na swali lao ni hili: nani mwenye haki zaidi ya kumvua, yule amvuaye amuuze au yule amvuaye ajiburudishe?

Samaki huyo ni besi wa milia, ambaye wataalamu humwita Morone saxatilis. Ubavu wake wa rangi ya fedha una mistari saba au minane myeusi. Huishi baharini, lakini kila mwaka, baridi inapokwisha, hupanda mito kutaga mayai katika maji matamu. Wengi wao huzaliwa katika mito iingiayo Ghuba ya Chesapeake. Wengine huzaliwa katika mto Hudson na mto Delaware. Wakubwa husafiri kaskazini hadi pwani ya Maine wakati wa joto, na hurudi kusini baridi ikianza. Aweza kuishi miaka 30, na jike kubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Safari hiyo ndiyo mzizi wa ugomvi. Samaki aliyezaliwa Maryland hupita New York na hungojewa Massachusetts. Ajizuiaye leo humwachia jirani yake kesho, na ni wachache wapendao kujinyima kwa ajili ya ndoana ya jirani.

Wazo kwamba samaki huyu ni amana ya umma si geni. Mwaka wa 1639 koloni la Massachusetts Bay lilikataza asitumiwe kuwa mbolea ya mashamba. Mwaka wa 1670 koloni la Plymouth liliagiza kuwa mapato ya uvuvi wa Cape Cod, wa besi na samaki wengine, yasaidie shule isiyotoza ada. Sheria ya kwanza ilifunza kuwa kuna matumizi yasiyostahili hata kama kitu ni kingi. Ya pili ilifunza kuwa samaki ana faida hata kwa mtoto asiyejua kushika mshipi. Mafunzo haya mawili yatosha kuwapimia wagomvi wa leo, kama wangekubali kupimwa.

Mvuvi wa soko husema hivi. Kazi yake ni ya kale. Baba yake aliifanya na babu yake aliifanya. Huamka usiku, hustahimili baridi, na maisha yake yako mikononi mwa mawimbi. Hamvulii yeye peke yake. Humvulia mzee asiyeweza kupanda chombo, mama wa mjini asiye na mashua, na mgonjwa kitandani. Watu hawa nao ni wenye sehemu katika samaki wa wote, na njia yao ya kuifikia sehemu yao ni soko. Amwondoaye mvuvi wa soko baharini huwa amewaondoa pamoja naye maelfu ya walaji wasiosikika katika mabaraza ya wavuvi.

Mvuvi wa starehe naye ana neno. Husema kuwa watu wa namna yake ni wengi mno kuliko wauzaji, na kitu cha wote chapaswa kuwafaa walio wengi. Hununua leseni, mshipi, chambo na petroli. Hulala katika nyumba za wageni. Na samaki mmoja aliyemfurahisha ameenea fedha katika mikono mingi kuliko samaki mmoja aliyewekwa kwenye barafu. Tena husema kuwa yeye humrudisha samaki majini akiwa hai, ilhali wavu hauna huruma. Kwa hoja hizi hudai samaki huyu asiuzwe kabisa.

Dai hilo limeshinda mahali pengi. California, ambako samaki hawa walipelekwa kwa gari la moshi kutoka New Jersey mwaka wa 1879, ilipiga marufuku uvuvi wao wa biashara mwaka wa 1935. Maine, New Hampshire, Connecticut na New Jersey haziruhusu wavuvi wao kumuuza. Massachusetts, Rhode Island, New York, Delaware, Maryland, Virginia na North Carolina zimebakiza soko. Huko New York juya la pwani, lililovutwa kutoka ufukoni na wavuvi wa Long Island, lilikatazwa mwaka wa 1990, na watu ambao Peter Matthiessen alikuwa amesimulia habari zao katika kitabu chake Men's Lives cha mwaka wa 1986 walipoteza sehemu ya maisha yao pamoja na nyavu zao.

Mtu apimaye kwa uadilifu huona kwanza kuwa majina haya mawili hayatengani kama yanavyotamkwa. Nahodha achukuaye wageni kwenda kuvua kwa starehe hupata riziki yake kwa kazi hiyo. Je, yeye ni wa riziki au wa starehe? Massachusetts wauzaji huruhusiwa kuvua kwa ndoana tu, na wengi wao wana kazi nyingine za kuwalisha. Huvua kwa furaha, kisha huuza walichopata. Hawa ni wa kundi lipi? Haki iliyojengwa juu ya jina hutikisika jina linapotikisika. Yafaa itafutwe haki iliyojengwa juu ya tendo.

Katika tendo jambo moja hujitokeza. Samaki wa muuzaji huhesabiwa. Kila jimbo lenye soko lina mgawo wake wa mwaka, na likiupita, ziada hukatwa katika mgawo wa mwaka ufuatao. Kila samaki auzwaye hutakiwa kuwa na kibandiko chake. Haimaanishi kuwa wauzaji wote ni waaminifu. Mwezi wa Februari mwaka wa 2011 askari wa Maryland walikuta nyavu za haramu majini karibu na Kent Island zikiwa na samaki zaidi ya tani 10. Lakini wizi huo ulijulikana kuwa wizi kwa sababu palikuwa na hesabu ya kuvunjwa. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari, na upande wa soko daftari lipo.

Upande wa starehe hesabu hukadiriwa kwa kuwauliza watu, na kila mtu ajionaye peke yake hujiona hana hatia. Alivua watano, akawarudisha wanne, akala mmoja. Ana kosa gani? Wataalamu hukadiria kuwa katika kila samaki 100 wanaorudishwa majini, 9 hufa baadaye kwa majeraha au kwa uchovu, na maji yakiwa ya moto hatari huzidi. Tisa katika mia ni wachache. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na wavuvi wa starehe ni mamilioni. Tathmini iliyotolewa mwaka wa 2019, ya hali ya mwaka wa 2017, iliona kuwa katika samaki wote waliouawa na wavuvi, sehemu 9 hivi katika 10 zilitokana na uvuvi wa starehe. Na karibu nusu ya vifo vyote vilikuwa vya samaki waliorudishwa majini. Samaki hao hawakuuzwa wala hawakuliwa. Hawakumfaa mzee, mama, wala mgonjwa.

Hapa ndipo maadili hukutana na hesabu. Nia njema humpamba mtendaji lakini haimfufui aliyekufa. Samaki aliyekufa chini ya maji baada ya kubusiwa na kuachiliwa hana tofauti, kwa bahari, na samaki aliyekufa ndani ya wavu. Mtu aweza kutoa udhuru kwamba hakukusudia. Udhuru huo hufaa mara moja, kabla hajajua. Akisha kujua kuwa burudani yake ina kima cha roho, kila anapoitafuta huwa amekubali kima hicho. Hii si hoja ya kuiharamisha starehe. Kukaa pwani alfajiri na mshipi mkononi ni jambo lenye manufaa kwa moyo wa binadamu, na mwenye kulidharau hakufikiri vizuri. Ni hoja dhidi ya starehe kujiita haina kima, kisha kwa jina hilo kumfukuza mwenzake ambaye kima chake kimeandikwa.

Lakini mvuvi wa soko asishangilie mapema. Uchache wa makosa ya leo si hati ya usafi wa milele. Mwaka wa 1973 samaki waliouzwa walikaribia ratili milioni 15. Kufika mwaka wa 1983 walikuwa wamepungua hadi ratili milioni 3.5 hivi. Mito ilikuwa imechafuka, lakini wavuvi wa pande zote nao walivua kana kwamba mito haina mwisho. Mwaka wa 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulazimisha majimbo yafuate mpango mmoja chini ya tume yao ya uvuvi. Mwanzo wa mwaka wa 1985 Maryland iliufunga uvuvi wote wa samaki huyu, wa soko na wa starehe, na haikuufungua hadi mwaka wa 1990. Wauzaji walikosa mapato na wenye starehe walikosa furaha. Mwaka wa 1995 samaki alitangazwa kuwa amerudi. Kipindi hicho kifupi hakuna aliyeuliza nani mwenye haki zaidi, maana wote walikuwa wamelipa.

Sasa samaki amepungua tena. Tangu mwaka wa 2019 uchunguzi wa vifaranga katika mito ya Maryland umeonyesha idadi ndogo kwa miaka mfululizo, na kujinyima kumekuwa wajibu kwa mara nyingine. Nani aanze? Uadilifu hujibu kuwa mzigo ugawanywe kwa kadiri ya madhara, na palipo na usawa wa madhara aanze yule ambaye kujinyima hakumnyimi chakula. Mvuvi wa starehe aweza kuacha mshipi wake siku za joto kali, au kuondoka akisha kupata samaki mmoja wa kula, bila jiko lake kupoa. Kwa kuwa sehemu kubwa ya vifo ni yake, sehemu kubwa ya subira nayo ni yake. Mvuvi wa soko kwa upande wake hana budi kukubali mgawo upunguzwe hesabu ikidai hivyo, na kumfichua mwizi aliye miongoni mwao, kwa kuwa mwizi huyo humwibia yeye kwanza.

Kwa hiyo haki juu ya besi wa milia haimo katika soko wala haimo katika starehe. Imo katika uwezo wa mtu kujibu anapoulizwa: ulichukua wangapi, waliokufa walimfaa nani, na umewaachia wajao nini? Mwenye majibu ya maswali haya ana haki ya kutia ndoana majini, awe anavua kwa riziki au kwa furaha. Asiye nayo hana haki hiyo, hata wenzake wakiwa wengi kiasi gani, na hata babu zake wakiwa walivua pale pale kwa miaka mia tatu.