Mizani ya Mwenyewe

Wajukuu zangu wa Kiloleli, na nyinyi mliokwisha kuhamia Bariadi, Mwanza na Dar es Salaam, haya ninayoyasema mmeshayasikia kwangu. Mmoja wenu aliwahi kunikatiza: "Babu, hilo ulishalisema." Ni kweli. Nalisema tena kwa sababu bado hamjalifanya, na miguu yangu hainiruhusu tena kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwakumbusha.

Jioni mnakaa kijiweni, kila mmoja na simu yake na bando lake. Mnajua mwanamuziki wa Dar es Salaam alivaa nini harusini. Mnajua mchezaji wa Uingereza ameumia goti lipi, la kulia au la kushoto. Nikiuliza ni nani kati yenu ajuaye mtumbwi unakalafatiwa kwa kitu gani, mnatazamana. Simu sina ugomvi nayo, nami ninayo. Ninachoomba ni kwamba katika saa hizo zote, muwatafute pia watu wanaoandika maisha yao bila kutumwa na mtu, muwasome. Kisha mwandike ya kwenu.

Faida ya kujiandikia, wazee waliotuzaa waliijifunza kwenye pamba. Zamani za Mwingereza, mkulima wa Kanda ya Ziwa alibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi. Mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyeisoma, ndiye aliyeandika. Mwenye pamba alisimama pembeni akingoja kuambiwa jasho lake lina uzito gani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wakachoka kuibiwa. Wakaweka wapimaji wao, watu waliowaamini, wakasimama nao penye mizani, na uzito ukaandikwa na upande wa mkulima pia. Katika juhudi hizo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Lilikuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima katika Afrika nzima, na mwanzo wake ulikuwa watu waliosimama penye mizani wakiandika walichokiona kwa macho yao.

Maisha yenu nayo yanapimwa kila siku, na mizani hiyo iko mikononi mwa wengine. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na Sensa ya 2022 ilituhesabu watu zaidi ya milioni 2. Tafuteni yaliyoandikwa juu yetu. Mtakuta pamba, mtakuta ukame, mtakuta idadi ya ng'ombe na habari za watalii wanaopita Ndabaka kuingia Serengeti. Sisemi ni uongo. Nasema waliyaandika watu waliotumwa: wa takwimu, wa mradi, wa gazeti. Na aliyetumwa huleta alichotumwa.

Hata akiwa mtu mwema. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya kikoloni, alizunguka Usukuma akiwauliza wazee, na mwaka 1953 kikatoka kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma. Ni kazi kubwa; wasomi wanaitegemea mpaka leo. Lakini serikali ilitaka kujua habari za mahari, urithi na talaka ili mabaraza yake yajue namna ya kuamua kesi. Ukitaka kujua bibi yako alicheka nini siku aliyoposwa, kitabu kile hakikuandikwa kwa ajili hiyo.

Na hata anayeandika ya kwao mwenyewe huweza kufunikwa na jina la mwingine, kama ilivyotokea Pwani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeishi Bagamoyo, aliandika kwa Kiswahili desturi za watu wake: uzazi, malezi, ngoma, ndoa, mazishi. Kitabu kilipotoka Ujerumani mwaka 1903, jina lililotangulia lilikuwa la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya maandiko hayo. Jina la Mtoro lilikuja kupewa nafasi yake baadaye sana, mwenyewe ameshafariki.

Sasa nisikilizeni habari za jirani yetu. Ng'ambo ya Ghuba ya Speke kuna Ukerewe, na huko mwaka 1896 alizaliwa Aniceti Kitereza. Alisoma kwa mapadre, akajua lugha kadhaa. Aliona vijana wa Kikerewe wanasahau jinsi wazazi wao walivyoishi, akakaa chini akaandika hadithi ya mume na mke wanaopendana na kutamani mtoto. Ndani ya hadithi hiyo akaweka kila kitu: pombe ya ndizi inavyotengenezwa, mgeni anavyopokelewa, wakwe wanavyoheshimiana, mganga anavyochimba dawa, samaki wanavyotegwa, na maneno ambayo mke mwenye hasira humwambia mume wake wakiwa wawili tu. Alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe. Wa kuchapa hakumpata, kwani wasomaji wa lugha hiyo walionekana wachache mno.

Angeweza kuutupa mswada ule. Alikuwa ameshadhoofishwa na ugonjwa wa viungo, na watoto wa kumrithi hakuwa nao. Lakini uzeeni akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikatoa *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Hesabuni wenyewe toka 1945. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala zilizochapwa hazijamfikia mkononi. Baadaye Wajerumani wakaifasiri, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzake kutoka Ukerewe, akaitoa kwa Kiingereza akifasiri kutoka Kikerewe chenyewe. Leo mtu wa Chicago akitaka kujua Mkerewe wa zamani alimkaribishaje mkwewe, anakwenda kwa mzee huyo ambaye hakuna ofisi iliyomwagiza kitu.

Na msidhani lazima kiwe kitabu. Shaaban Robert, pamoja na ukubwa wake wote, alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge barua kwa miaka mingi, tangu 1931 hadi 1958: habari za kazi, za afya, za fedha, za nyumbani. Mdogo mtu akazitunza. Vinginevyo zingewashiwa moto jikoni, na tusingejua kwamba mshairi yule naye alihangaika na mshahara kama karani yeyote.

Mtaniuliza: leo watu wa namna hiyo tutawapata wapi? Wapo. Lakini simu hukuletea kwanza kile kinachopendwa na wengi, na hawa hawapendwi na wengi, hutafutwa. Anza na jambo unalolipenda mwenyewe, liwe bao, kufuga njiwa, kutengeneza redio iliyokufa au kurembesha baiskeli. Mtafute aliyeliandika kwa sababu analipenda. Utamtambua upesi. Anataja kitu kwa jina lake. Hakuahidi kukutajirisha wala hakuuzii dawa. Akiwa hana hakika, anasema hana hakika. Ukimpata, mwulize yeye husoma ya nani, kwa sababu watu hawa hujuana. Mmoja atakupeleka kwa mwenzake, na huyo kwa mwingine. Ukimaliza kusoma, mshukuru. Mtu anayeandika bila kulipwa hula shukrani, na wengi wamenyamaza kwa kudhani hakuna aliyesoma.

Sasa upande wenu. Kuna binti hapa kijijini, jina lake simtaji maana hajaniruhusu, alinionyesha kurasa mbili. Ya kwanza aliiandika kama alivyofundishwa darasani: "Viazi vitamu ni zao muhimu la chakula katika mkoa wetu." Nikamwambia, mwanangu, hilo hata bwana shamba analijua, niandikie mama yako anavyotengeneza michembe. Akarudi na ukurasa wa pili. Ameandika kwamba mama yake hamenyi viazi vyote kwa pamoja, bali humenya vya kutosha jua la siku hiyo. Kwamba hukata vipande vyembamba, na kisu anachotumia kimeliwa na kunolewa mpaka kimebaki nusu. Kwamba huanika juu ya jiwe lile pana nyuma ya nyumba, na kuku hufukuzwa na mtoto mdogo asiyependa kazi hiyo. Kwamba kabla ya kujaza gunia, mama huvunja kipande kimoja karibu na sikio: kikilia, kimekauka, kikipinda, kinarudi juani. Na mwisho akaongeza kwamba bibi yao hasifu michembe kamwe, yeye ni mtu wa matobolwa, viazi vinavyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, na ugomvi huo wa bibi na mama huzuka kila kiangazi.

Ukurasa ule nimeusoma nikacheka peke yangu. Humo mna chakula, mna kazi ya mtoto, mna mama mkwe na mkamwana. Hakuna mgeni mwenye dodoso ambaye angeambiwa habari ya kisu.

Najua mtakalosema, kwa kuwa mmeshanijibu mara nyingi. Mtasema, "Babu, maisha yangu hayana cha kuandikwa." Tazameni Ziwa Victoria. Sisi tulipokuwa wadogo, furu walikuwa wengi hata hatukuwahesabu kuwa samaki wa maana. Wazee waliwatambua kwa rangi, kwa mahali wanapokaa, kwa ladha. Sangara akaletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wametoweka; wataalamu hutaja aina zaidi ya 200. Nani alikuwa na sababu ya kuandika habari za furu wakati wamejaa kila wavu? Hakuna. Sasa wasomi wana majina yao ya kigeni waliyowapa wachache waliowahi kuwachunguza, na majina ya wavuvi mengi yamekwenda na wavuvi. Hata taa za karabai walizovulia dagaa usiku wa giza, nyinyi mliozaliwa penye taa za sola mtazisimuliaje? Jambo la kila siku ndilo linalopotea kwanza, maana kila mtu anadhani mwenzake analikumbuka.

Mtasema, "Kiswahili changu hakijanyooka." Andika Kisukuma. Kitereza alianza na cha kwao, Kiswahili kikafuata. Mtasema, "Manju wetu wanaimba, inatosha." Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vina nyimbo, na sikukuu ya Bulabo huko Bujora huvuta watu kila mwaka, nami nawapenda manju wetu. Lakini manju hutunga kwa ajili ya mashindano. Anamwimba shujaa na mshindani wake. Fundi aliyewamba ngozi ya ngoma yake haimbwi na mtu. Mwandikeni huyo.

Mtasema pia hamna muda. Hapo siwajibu. Mnanijua.

Wenye maduka wana msemo wao ukutani: mali bila daftari hupotea bila habari. Wanasema kwa ajili ya sukari na sabuni. Nyinyi mna mali kubwa kuliko hiyo. Basi nunueni kaunta buku siku ya gulio. Ukurasa wa kwanza andika tarehe, mahali na jina lako kamili, asije mtu baadaye akaweka la kwake. Chagua kazi moja inayofanyika nyumbani kwenu wiki hii, kaa karibu na anayeifanya, uliza jina la kila chombo na kila hatua, na uliza amejifunza kwa nani. Usipambe. Usimpe busara ambayo hakuisema. Ukimaliza, msomee yeye mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema umekosea, futa uandike upya palepale mbele yake. Akinyamaza kidogo kisha akasema, "Lakini umesahau na hili," jua umepata mpimaji wa kweli, na ukurasa wa pili umeshaanza.