Kodi ya Mzee Paulo

Tafakari ya wiki. Somo: Matendo ya Mitume 28:11–31

Luka anapokifunga kitabu chake cha pili anamwacha Paulo mahali ambapo wahubiri wengi tunapapita mbio: ndani ya nyumba ya kupanga. Tumekwisha kusikia habari za tufani, merikebu kuvunjika Malta, na nyoka aliyemwuma mkononi asidhurike. Tukifika Rumi tunataka kumwona Kaisari. Luka hatuonyeshi Kaisari. Anatuonyesha nyumba, askari mlinzi, wageni wanaoingia na kutoka, na miaka miwili ya kulipa kodi.

Paulo hakuwa kijana tena. Katika barua yake kwa Filemoni anajiita mzee, na papo hapo anataja kwamba amefungwa. Yuko mbali na Tarso alikozaliwa na mbali na Yerusalemu alikosomea. Hatajwi mke wala mtoto. Kazi yake ya kushona mahema haifanyiki kirahisi mkono ukiwa kwenye mnyororo. Na Rumi yenyewe ilikuwa mji wa gharama. Mshairi Juvenal, aliyeandika miongo michache baada ya Paulo, alilalamika kwamba kodi ya mwaka mmoja ya chumba chenye giza mjini ingetosha kununua nyumba nzuri katika miji midogo ya jirani. Watu wa kawaida walirundikana kwenye magorofa yaliyokuwa yakiungua na kuporomoka mara kwa mara.

Basi nani aliilipa kodi ya mzee huyu?

Barua kwa Wafilipi, ambayo mapokeo ya kanisa yanasema iliandikwa kutoka Rumi, inatupa nusu ya jibu. Epafrodito alitumwa kutoka Filipi akiwa na msaada wa kanisa, na shughuli hiyo ikamfanya augue nusura afe. Hatuambiwi kwamba fedha ile ilikwenda mkononi mwa mwenye nyumba. Ila mfungwa mzee asiyeuza mahema hali hewa wala halali barazani. Mimi naamini sehemu ya kodi ile ilitoka kwenye mfuko wa sadaka wa Wafilipi, na naamini hawakuona kwamba wamefanya jambo dogo.

Nimelirudia somo hili kwa sababu usharika wetu wa Kiswahili hapa Marekani umeanza kuota mvi. Wako waliokuja zamani kusoma, kutoka Kenya na Tanzania, wakasomesha wadogo zao, wakazika wazazi wao kwa simu na michango. Wako ndugu zetu Wakongo waliofika baadaye kutoka kambi za Nyarugusu na Kakuma, wengine wakiwa tayari babu na bibi. Njia zao ni tofauti, lakini siku hizi swali wanalonijia nalo ni moja, nalo huulizwa kwa sauti ya chini baada ya watu wote kutoka: mchungaji, nitakaa wapi?

Kundi la kwanza limefanya kazi, tena ngumu. Wengi wamewaogesha na kuwalisha wazee wa watu kwenye nyumba za kutunzia wazee, zamu ya usiku juu ya zamu ya mchana. Kulipwa pensheni ya serikali ya hapa kunahitaji pointi 40, na kwa mwaka hazipatikani zaidi ya pointi 4. Yaani miaka 10 hivi ya kazi inayokatwa kodi. Aliyekuwa akilipwa mkononi, bila makato, anafika dirishani na kukuta jasho lake halikuandikwa popote. Aliyezaliwa 1960 au baadaye hupata mafao kamili akiwa na miaka 67. Anaweza kuanza kuchukua akiwa na 62, lakini atapunguziwa asilimia 30, na punguzo hilo atazeeka nalo. Nawasihi msikimbilie 62 kwa kuchoka tu. Aliyechoka na akawa mgonjwa, hiyo ni habari nyingine, na simhukumu.

Kundi la pili halina pensheni. Linaishi kwa SSI, fedha ambayo serikali huwapa wazee na walemavu wenye kipato kidogo au wasio nacho kabisa. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha serikali kuu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Chukua kalamu, uitoe humo kodi ya chumba kimoja katika mji wowote mkubwa wa nchi hii, uone kama itabaki nauli ya kuja kanisani. Tena mkimbizi hulipwa SSI kwa miaka 7 tu, na kwa wengi ni uraia peke yake unaoondoa kikomo hicho. Mtihani wa uraia una Kiingereza, na bibi aliyejifunza kuandika jina lake akiwa kambini ataupataje? Upo msamaha kwa mwenye ugonjwa unaomzuia kujifunza, kwa fomu inayojazwa na daktari. Watoto wake, tafadhali, ulizeni habari za fomu hiyo mapema, msingoje mwaka wa saba.

Sasa nyumba zenyewe. Wengi wetu tukisikia nyumba za bei nafuu tunadhani ni aina moja, na kosa hilo lina gharama. Ziko zilizojengwa kwa mpango wa Section 202, ulioanzia kwenye sheria ya nyumba ya 1959. Ni za wazee wa miaka 62 na zaidi wenye kipato cha chini sana, na kwa kawaida mpangaji hulipa asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato fulani. Mwenye dola 967 atalipa chini ya 300. Kipato kikishuka, kodi nayo hushuka. Nyingi kati ya hizo ziliasisiwa na makanisa na mashirika yasiyo ya faida, jambo ambalo Wakristo wa hapa hawalitangazi vya kutosha. Iko vocha, hii tunayoiita Section 8, ambayo mamlaka ya nyumba ya mji humpa mtu akatafute mwenye nyumba atakayeikubali. Nayo pia humwachia mpangaji alipe takriban asilimia 30.

Aina ya tatu ndiyo inayowachanganya watu. Ni majengo mapya, mazuri, yenye bango la nyumba nafuu kwa wazee, yaliyojengwa kwa msamaha wa kodi wa serikali ulioanza 1986. Humo kodi ya pango imewekewa ukomo kwa kuangalia kipato cha eneo zima. Mfuko wako wewe hauangaliwi. Mzee mwenye pensheni ya dola 1,100 anaweza kuingia kwa furaha na kukuta kodi ya 900, ambayo kwa sheria ni nafuu kweli, na yeye akabaki na 200 za chakula, dawa na simu. Kabla ya kutia sahihi uliza jambo moja: kodi hii inafuata kipato changu, au ni ile ile kwa kila mpangaji? Ukijibiwa kwa maneno mengi, rudi nyumbani bila kusaini.

Kuomba ni bure. Narudia kwa ajili ya wale waliokwisha kuombwa fedha: hakuna ada ya kuingizwa kwenye orodha ya wanaosubiri vocha, na hakuna mtu wa kukusogeza mbele kwa dola 200. Na yule anayetangaza nyumba ya bei ya ajabu mtandaoni, akidai yuko safarini na funguo atazituma ukishamtumia amana, ni mwizi. Hata akisema ameokoka.

Kungoja ndiko kunakoumiza. Orodha nyingi huchukua miaka, na nyingine hufungwa kabisa zisipokee majina. Anayeanza kutafuta siku ya kustaafu amechelewa. Aanze akiwa na 60, aulize kila jengo linapokeaje maombi, ajiandikishe popote panapofunguliwa, na kila akihama apeleke anwani mpya. Maana barua huja mara moja. Usipoijibu ndani ya siku zilizotajwa jina lako hufutwa, na unaanza mwisho wa mstari. Barua hizo zinakuja kwa Kiingereza, katika bahasha zinazofanana na za matangazo ya kuuza magari, na wazee wetu wengi huzitupa pamoja na takataka.

Wapo watakaosema, haya yote ya nini? Si arudi nyumbani? Daudi alimwuliza Barzilai karibu swali hilo, ila kwa kugeuza: alimwalika mzee yule wa Gileadi, mwenye miaka 80, akakae naye Yerusalemu kwa gharama ya mfalme. Barzilai alikataa. Alisema hasikii tena ladha ya chakula wala sauti za waimbaji, na akaomba afie mjini kwake karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Daudi akambusu na kumbariki. Hakumshawishi zaidi. Hamu ya wazee ya kurudi iheshimiwe hivyo hivyo.

Lakini Barzilai alikuwa tajiri, Biblia inasema wazi. Soma pia habari za Naomi. Alirudi Bethlehemu kutoka Moabu baada ya miaka kama 10, na huko kulikuwa na shamba la marehemu mumewe. Shamba lilikuwepo, chakula hakikuwepo. Mkwewe alikwenda kuokota masazo nyuma ya wavunaji. Nasema haya nikiwafikiria wenye boma kijijini lisiloezekwa, ambalo limemeza mshahara wa miaka mingi na ambalo kila Krismasi linahitaji mabati. Kuna nyumba tunazijengea macho ya majirani. Mwenye nyumba ya vyumba sita asiye na kipato cha kila mwezi ni maskini mwenye vyumba sita.

Anayerudi apige hesabu ya kule kama anavyoipiga ya hapa. Aliyestaafu akiwa raia wa Marekani anaweza kulipwa pensheni yake ya serikali akiwa Kenya au Tanzania, lakini bima ya Medicare kwa kawaida haivuki mpaka, na hospitali ndiyo gharama ya uzee. SSI nayo husimama ukikaa nje ya nchi siku 30 mfululizo. Wapo waliokwenda kuzika, wakakaa na wafiwa kama desturi inavyodai, wakarudi kukuta kodi ya hapa imekosa wa kuilipa. Mtanzania aliyechukua uraia wa Marekani ajue kwamba Tanzania haina uraia pacha, kwa hiyo mambo ya ardhi ayaulize kwa wanasheria kabla ya kutuma fedha. Na mwenye nyumba wa Dar es Salaam mara nyingi hutaka kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo, ilhali pensheni huingia kwa mwezi. Anayerudi ajiwekee akiba ya mwaka kabla ya kukata tiketi.

Wamarekani wenyewe wenye pensheni ndogo wamekuwa wakihamia Meksiko, kando ya ziwa Chapala, na Cuenca huko Ecuador, wakitafuta kodi wanayoiweza. Siwalaumu. Ila Julai 2025 wakazi wa Mexico City waliandamana wakilia kwamba wageni wenye dola wamepandisha kodi hadi wenyeji wanahama mitaa yao. Mzee wetu atakayekwenda kupanga Kilifi au Bagamoyo aulize jirani analipa kiasi gani, alipe hicho. Kulipa mara mbili kwa kuona fahari kunamfukuza mwalimu wa shule ya msingi katika chumba kinachofuata.

Narudi kwa Paulo, maana kuna aya ambayo sitaki tuiache. Kabla hajafika Rumi, ndugu walisikia habari zake wakatoka kumlaki hadi Soko la Apio na Mikahawa Mitatu. Soko la Apio liko zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini. Wengi wa watu hawa pengine hawakuwa wamemwona, walikuwa wamesoma barua yake tu. Walitembea mwendo wote huo kwenda kumpokea mfungwa. Paulo alipowaona alimshukuru Mungu, akajipa moyo. Kisha ndipo ikaja habari ya nyumba.

Sisi huwa tunakwenda kwa mzee notisi ya kuhama ikiwa tayari imebandikwa mlangoni. Hapo tunapitisha kikapu, tunalipa mwezi mmoja, na mwezi unaofuata tunaona haya kuuliza. Kodi ya mzee wa kanisa ni jambo la kanisa, na wakati wa kulishika ni akiwa bado kazini, na mguu wake bado unapanda ngazi. Watoto nao wasiache mama akae kwenye fleti yao bila jina lake kuandikwa kwenye mkataba wakidhani ndiyo heshima. Mwenye nyumba akigundua, wanaweza kutakiwa kuondoka wote.

Jumapili hii baada ya ibada kutakuwa na meza ukumbini. Wazee, leteni bahasha zote mlizo nazo, hata zile mnazodhani ni matangazo. Vijana mnaosoma Kiingereza vizuri, kaeni saa moja mzisome, na mpige simu 211, namba ya kuulizia huduma za jamii, kuuliza majengo ya wazee yaliyo wazi, mkiomba mkalimani pale mzee anapotaka kusema mwenyewe. Wenye magari, tutawahitaji katikati ya wiki kupeleka maombi. Na yeyote aliyefikisha miaka 60, hata kama bado anapiga zamu mbili na hajisikii mzee, naomba aje aandikishe jina lake.