Kuzoea Ubovu

Ubovu wa chombo una njia mbili za kutoweka machoni pa mwenyewe. Njia ya kwanza ni kutengenezwa. Ya pili ni kuzoewa. Kwake yeye njia hizi hufanana, kwa kuwa zote mbili humwondolea adha. Lakini hazifanani hata kidogo kwa mtu mwingine atakayekishika chombo hicho bila ya kuonywa. Swali lipasalo kupimwa ni hili: je, aliyejifunza kuishi na ubovu wa chombo chake amelipa deni lake, au ameliahirisha tu mpaka lidaiwe kwa mtu asiyekopa?

Mfano mzuri hupatikana katika motokaa kuukuu. Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe ilipata heshima kubwa Afrika Mashariki. Ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962, katika njia za matope na vumbi zilizozishinda motokaa zenye nguvu zaidi. Ya mwisho iliundwa Mexico mwaka 2003, baada ya kuundwa zaidi ya milioni 21. Hata leo ziko zinazotembea, na wenyewe huzitunza kama watunzavyo wazee wa ukoo.

Injini ya motokaa hii iko nyuma, na sanduku la gia liko nyuma pia. Lakini mkono wa gia umesimama mbele, kati ya viti viwili. Baina yao pana ufito wa chuma, urefu wake meta moja na zaidi, uliopita chini ya sakafu pasipoonekana. Ufito huo hushikwa na bushi ndogo mfano wa pete, na mwisho wake una kiungo chenye mipira. Bushi ikilika, ufito hucheza. Ufito ukicheza, mkono hulegea. Tena gia ya pili na gia ya kurudi nyuma ni majirani: zote huvutwa kushoto na nyuma, ila ya kurudi nyuma hutaka mkono ubonyezwe chini kwanza. Kwa hiyo mkono uliolegea waweza kuahidi jambo moja na kutenda jingine.

Mzee mmoja wa Tanga alikuwa na motokaa ya namna hiyo. Mkono wa gia ulipoanza kulegea alikwenda kwa fundi. Fundi akakaza bolti mbili zilizo chini ya mkono, akapokea ujira wake. Mkono ukatulia siku chache, kisha ukalegea tena. Mzee hakurudi kwa fundi. Kiganja chake kilijifunza kubonyeza kwa nguvu zaidi, kuvuta kushoto kupita kiasi, na kungoja mguso fulani mdogo ambao hapana mwingine aliyeujua. Baada ya miaka miwili alisahau kuwa motokaa yake ni mbovu. Watu walimsifu kwa ustadi, naye akasadiki.

Usiku mmoja akaugua ghafula. Mpwa wake, kijana mwendeshaji mzuri, alimlaza katika kiti cha nyuma ampeleke hospitali. Motokaa ilikuwa imeelekea ukuta wa jiko la jirani. Kijana alibonyeza, akavuta, akaachia klachi. Alitaka kurudi nyuma, motokaa ikaruka mbele na kuubomoa ukuta. Jikoni hamkuwa na mtu saa ile, lakini mchana ndipo alipozoea kukaa bibi mmoja na wajukuu wake. Mgonjwa alitaka kueleza namna ya kufanya, asiweze. Maarifa yale hayakuwa ulimini mwake, yalikuwa kiganjani, na kiganja kilikuwa kikitetemeka kwa homa. Jaribio la tatu ndilo lililowatoa uani.

Alipopata nafuu kijana alimwuliza, “Mjomba, mbona hukuniambia?”

“Mwanangu,” akajibu, “ningekwambia nini? Nilikuwa sijui tena.”

Jibu hilo ni la kweli, na ukweli wake ndio unaotisha. Mwongo analijua analoficha, aliyezoea halijui. Kwa hiyo lawama ya mzee haikuwa ya usiku ule. Ilikuwa ya siku ile mkono ulipolegea mara ya pili, naye angali akiudhika. Adha ni mjumbe aliyetumwa na ubovu. Hubisha hodi siku chache, na asipofunguliwa huenda zake. Wajibu wa mtu huishi muda ule ule unaoishi adha yake, na mwenye kungoja adha iishe amengoja shahidi wake afe.

Pana wasemao kwamba kitu cha kale kina haki ya uzee wake. Ni kweli. Rangi iliyofifia na kiti kilichochanika havimdanganyi mtu. Ni mvi, na mvi si ugonjwa. Lakini mkono usemao nyuma na kwenda mbele si uzee, ni hadaa. Pana wasemao tena kwamba si kila mtu ana fedha za fundi. Hilo nalo ni kweli. Walakini asiyeweza kutengeneza aweza kuonya, na onyo halina bei, maadamu latolewa mwenyewe angali akikumbuka.

Wahenga walisema asiyeziba ufa atajenga ukuta. Mzee huyu aliujenga wa jirani. Kisha fundi mwingine aliinua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko kidogo kilicho chini yake, akakitenga kiungo, akausogeza ufito, akatoa vipande vya bushi iliyokwisha na kutia mpya kwa grisi. Kazi ilikuwa ya nusu siku, na bushi ilikuwa rahisi kuliko saruji ya ukuta.

Siku ya kwanza mzee aliposhika usukani, gia zilimkataa. Mkono ulikuwa umenyooka, lakini kiganja chake kilikuwa kingali kikivuta kombo. Motokaa ilipona kwa nusu siku. Mwenyewe alihitaji majuma mengi.