SAFARI YA NDEGE WAKATI WA MARADHI YA MAFUA: KWENDA AU KUNGOJA?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya, ndugu zangu Waislamu. Suala lililoletwa mbele ya darasa letu ni hili. Mtu amekusanya fedha zake kwa miaka, amelipa tiketi na gharama za Umra, viza imekwisha kutoka, na majirani wamekwisha kumsomea dua. Zimebaki siku chache, mara zasikika habari kuwa homa ya mafua imewashika watu wengi huko aendako. Au yeye mwenyewe aamka asubuhi mwili una moto na kifua chamuuma. Je, apande ndege au angoje? Baadhi ya jamaa zake wamwambia, «Safari ya Mungu haivunjwi, na ajali haina kinga.» Wengine wamwambia, «Usijipeleke mautini.» Jambo hili lataka kujibiwa kwa ilimu, si kwa jazba wala kwa woga.

Kwanza na tuyajue maradhi yenyewe yasafirivyo. Sisi watu wa pwani twajua kuwa bandari ni mlango wa kheri na wa shari. Mwezi wa Septemba 1918 yale mafua makubwa yaliyozunguka dunia yaliingia Mombasa kwa njia ya bahari, kisha yakaenea bara. Waliokufa ulimwenguni mwote wakadiriwa kuwa kiasi cha watu milioni 50. Zamani zile urefu wa safari ulikuwa ni mlinzi: mgonjwa alidhihiri baharini kabla ya meli kutia nanga, na mahujaji waliopita Bahari ya Sham walizuiwa kwanza katika kisiwa cha Kamaran, karibu na Yemen, palipowekwa karantini mwaka 1882. Leo mtu hupanda ndege Nairobi, na baada ya saa nne au tano yuko Jeddah. Na mafua hukaa mwilini siku moja mpaka nne kabla ya kujionyesha, na mwenye nayo aweza kuwaambukiza wenziwe tangu siku moja kabla ya kujihisi mgonjwa. Basi mtu aweza kupanda mzima na kuteremka mzima, na maradhi yamo ndani yake.

Mfano wake tuliuona mwaka 2009. Mwezi wa Aprili mafua mapya yalidhihiri Meksiko na Marekani. Tarehe 11 Juni Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa yameenea duniani. Na kabla ya mwezi huo kwisha, mgonjwa wa kwanza akathibitishwa hapa Kenya, naye alikuwa ni kijana mwanafunzi aliyetoka Uingereza. Watu wakayaita maradhi hayo homa ya nguruwe, na wako waliodhani kuwa asiyekula nguruwe hayampati. Dhana hiyo haikuwa na msingi. Maradhi yalipita baina ya mtu na mtu kwa pumzi, kwa kikohozi na kwa mikono, wala hayakumuuliza mtu amekula nini. Kuacha nguruwe ni kumtii Mola, si chanjo ya mafua. Kadhalika hirizi ya shingoni haizuii pumzi ya aliyekaa kiti cha pili.

Sasa tuje katika hilo neno la «ajali haina kinga». Neno hili ni kweli, lakini watu wengi hulitia mahali sipo. Ajali haina kinga ikifika. Nani kati yetu aijuaye siku yake? Mwenyezi Mungu ametuficha ajali zetu, na akatudhihirishia amri zake. Na katika amri zake ni kuwa tusijitupe katika maangamizo kwa mikono yetu. Mtume (S.A.W.) alimtaka mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali. Mwenye kuacha kufunga kisha akasema ametawakali, huyo hakutawakali. Amefanya uvivu akauvisha kanzu ya dini.

Wako pia watakaoishika Hadithi ambayo ndani yake Mtume alikanusha uambukizo. Wanavyuoni wamekwisha kubainisha kuwa lililokanushwa ni itikadi ya kijahiliya, kuwa maradhi yana nguvu zake yenyewe bila ya kudra ya Mungu. Ama sababu hazikukanushwa. Kwani ni Mtume huyo huyo aliyekataza ngamia wagonjwa wasiletwe kwa ngamia wazima. Ikiwa ngamia ana haki hiyo, je, mwanadamu?

Na kisa cha Sayyidna Umar chatosha kuwa taa. Alitoka Madina kwenda Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh alipata habari kuwa tauni imeingia huko. Akawataka shauri Muhajirina, wakahitilafiana. Akawataka shauri Ansari, wakahitilafiana. Kisha wazee wa Kikureshi wakaafikiana kuwa arejee na watu wake. Alipoazimu kurejea, Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa naam, waikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchunga aliyefika katika bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mmoja mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari ya Mungu. Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf na Hadithi aliyoisikia kwa Mtume: kuwa mtu akisikia tauni iko katika nchi asiingie, na ikimkuta nchini asitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akarejea. Tazameni, ndugu zangu: Khalifa wa Waislamu, na jeshi lake, na shughuli za dola, vyote viligeuzwa njiani.

Lakini tusiwe wenye kupindukia. Si kila mafua ni tauni. Mafua ya kawaida yako kila mwaka katika kila nchi, na lau kuwa kila kikohozi chafunga njia, pasingekuwa na hija wala biashara. Kwa hiyo yapasa mtu apime, na mizani yake ni mitatu.

Mizani wa kwanza ni nafsi yake. Je, ni mtu mzima mwenye nguvu, au ni katika wale ambao mafua huwageukia yakawa maradhi ya mapafu? Hao ni wazee waliopita miaka 65, wanawake wenye mimba, watoto wadogo, na wenye pumu, sukari au maradhi ya moyo. Mwaka 2009 mawaziri wa afya wa nchi za Kiarabu walikutana Cairo mwezi wa Julai, wakaafikiana kuwa wazee, watoto, wenye mimba na wenye maradhi sugu wasiende Hija mwaka ule. Serikali ya Tunisia ilizuia mahujaji wake wote. Hija ilifanywa mwezi wa Novemba na watu zaidi ya milioni mbili, na ikapita bila ya ule msiba mkubwa uliohofiwa. Wako waliosema kuwa basi tahadhari ilikuwa bure. Ajabu! Mtu akitia komeo usiku na mwizi asije, je, alfajiri husema komeo halina faida? Katika mambo haya na aulizwe daktari mwaminifu, kwani Qurani imetuamrisha tuwaulize wenye kujua. Na chanjo ya mafua na ichomwe mapema, kwa kuwa huchukua kama wiki mbili kabla ya kutia nguvu mwilini. Haifai kuitafuta siku ya safari.

Mizani wa pili ni hukumu ya safari yenyewe. Umra ya pili na ya tatu ni sunna, na sunna huweza kungoja mwezi mwingine. Hija ya kwanza ni faradhi, lakini Mwenyezi Mungu ameifungamanisha na uwezo, na mafakihi wetu wa Kishafii wamehesabu amani ya njia na afya ya mwili kuwa ni katika uwezo huo. Na katika madhehebu yetu yafaa mtu kuiakhirisha Hija akiwa na azma ya kuitekeleza. Mtume mwenyewe (S.A.W.) aliikomboa Makka mwaka wa nane wa Hijra, naye akahiji mwaka wa kumi. Ila mwenye kuchelea kuwa akingoja atadhoofika asiweze tena, huyo asijiamulie peke yake. Na akae na mwanachuoni na daktari pamoja. Na mzee asiyetarajiwa kuweza tena, mlango wa hija ya badali u wazi kwake.

Mizani wa tatu ndio mzito, na ndio ambao watu wengi hawautii mkononi kabisa: ni haki ya mwenzio. Watu hujiuliza, «Je, nitapatwa?» Ni wachache wajiulizao, «Je, nitampelekea nani?» Ewe ndugu, nafsi yako ni amana yako, waweza kusema umeitoa katika njia ya Mungu. Lakini yule mama mkongwe atakayekuwa ubavuni mwako katika saa zote za safari, na yule mwenye pumu mtakayebanana naye katika tawafu, amekupa nani ruhusa ya kuwatoa wao?

Imam Malik amepokea katika Muwatta kuwa Sayyidna Umar alimwona mwanamke mwenye ukoma akitufu Al-Kaaba. Akamwambia kwa upole asiwaudhi watu, na kuwa lau angekaa nyumbani kwake ingekuwa bora. Yule bibi akakaa nyumbani. Baada ya Umar kufa, mtu mmoja akamwendea akamwambia kuwa aliyemkataza amekwisha kufa, basi na atoke. Akajibu kuwa yeye si wa kumtii Umar hai kisha amuasi maiti. Mungu amrehemu bibi huyo! Hakuwa kiongozi wala mwanachuoni. Alikuwa katika ibada tukufu, mahali patukufu, naye akaiacha kwa ajili ya raha ya wenziwe. Na akaendelea kuiacha ilhali hapana wa kumzuia.

Basi jawabu letu ni hili. Aliye na homa na kikohozi cha mafua hafai kupanda ndege, hata ikiwa tiketi imo mkononi, mpaka apone. Na lililo ovu zaidi ni kumeza vidonge vya kutuliza homa ili apite mbele ya kipimo cha joto katika kiwanja cha ndege, asijulikane. Huo ni udanganyifu. Vipi mtu aanze safari ya kutafuta maghufira kwa kuwadanganya watu na kuwatia katika dhara? Ama aliye mzima, na nchi aendayo ina maradhi mepesi, naye si katika walio dhaifu, na wenye mamlaka hawakuzuia, huyo na asafiri kwa tahadhari: anawe mikono, afunike kinywa na pua penye msongamano, na akiugua ajitenge. Na akihirimia, na aweke sharti katika nia yake, kama Mtume alivyomfundisha Dubaa binti Zubeir alipokuwa mgonjwa, kuwa atatoka katika ihramu pale Mungu atakapomzuia. Ama maradhi yakiwa makali yenye kuua wengi, au serikali ikifunga njia kwa ajili hiyo, hapo kungoja ndiyo ibada.

Najua kuwa kungoja kuna gharama. Fedha za tiketi huenda zisirudi zote, na kuna uzito wa kukutana na watu waliokuaga jana. Lakini Mtume na masahaba zake walifika Hudaibiya mwaka wa sita wakiwa na ihramu, wakarejea bila ya kuiona Al-Kaaba, na kurejea kule kukawa ufunguzi. Na mwenye kuazimu jambo jema akazuiliwa na udhuru, huandikiwa thawabu ya azma yake. Kwa hiyo nawanasihi majirani wasimcheke aliyerudisha sanduku ndani; na wamwombee. Na nawanasihi ndugu zetu wanaochukua mahujaji: mgonjwa akiomba kuakhirisha, mfanyieni wepesi mwezavyo, msimtie hofu ya kupoteza fedha mpaka akaficha homa yake. Mkimlazimisha akawaambukiza wenziwe, nanyi mna fungu katika dhara hiyo.

Limebaki jambo moja, nalo lahusu mitaa yetu. Hujaji akirejea, mji mzima humwendea: wazee humkumbatia, watoto humbusu mkono, na vikombe vya zamzam hupita kinywa hadi kinywa. Mila hii ni nzuri na ina mapenzi ndani yake. Lakini wakati wa maradhi, mlango huo ndio utakaoyaingiza nyumbani. Basi aliyerejea na akaona dalili, na akae kando mpaka zishe, na apeleke salamu kwa ulimi. Zamzam na itiwe kila mtu chombo chake. Na bibi yake mzee asione amevunjiwa heshima asipobusiwa mkono. Ajue kuwa heshima yake ndiyo iliyomfanya mjukuu asimame mbali.

Ewe Mola wetu, utujaalie kuizuru nyumba yako tukiwa wazima, wala usitujaalie kuwa sababu ya msiba kwa waja wako. Uwaponye wagonjwa wetu, uwarehemu waliotutangulia, na uturuzuku akili ya kuipambanua tawakali na upuuzi. Amin.

Wabillahi taufiki.