Usiifungie Gemu Yako Chumbani

Kama unatengeneza gemu ya kudansi kwa mapenzi yako tu, usiku ukisharudi kazini au chuoni, na hadi leo hakuna mguu ulioikanyaga ila wako, makala haya yanakuhusu. Neno langu ni moja: itoe nje. Itoe ikiwa na nyimbo mbili. Itoe ikiwa na rangi zisizopendeza. Gemu ya kuchezwa kwa miguu haimaliziki mezani kwa aliyeiandika. Inamalizikia miguuni mwa watu, penye kelele, jasho na foleni.

Najua utanijibu nini. Wewe si kampuni, huna mtaji, hukusomea gemu, na kazi yenyewe umeiiga kwa wakubwa. Basi tazama wenzako waliokutangulia walianzia wapi.

Mwaka 1998 kampuni ya Konami ya Japani iliingiza Dance Dance Revolution kwenye kumbi za gemu. Jukwaa lina mishale minne: kushoto, chini, juu, kulia. Mbele yako kuna skrini, mishale inapanda kwa mwendo wa muziki, nawe unakanyaga kila mmoja unapofika mstarini. Vijana waliipenda kupita kiasi, ila mashine ilikuwa ya ukumbini na nyimbo zilikuwa zile alizochagua mwenye mali. Mwaka 2001 watengenezaji programu wachache, Chris Danford akiwa mbele, wakaanza StepMania: programu huria ya kompyuta inayofanya kazi ileile, lakini mchezaji anaweka wimbo autakao na kuupangia hatua mwenyewe. Hakuna aliyewaagiza. Waliipenda gemu, wakaona kinachokosekana, wakakaa chini wakaandika.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2004, kampuni ya Marekani iitwayo Roxor Games ikapeleka ukumbini gemu yake, In the Groove. Injini iliyokuwa ikiiendesha ndani ya mashine ile ilikuwa StepMania. Kazi iliyoanza kama burudani ya mashabiki kwenye kompyuta za nyumbani ikawa inachezwa kwa sarafu, palepale alipokuwa akisimama mkubwa iliyemuiga. Kyle Ward, mtunzi ambaye nyimbo zake nyingi zimo katika In the Groove, aliendelea na kazi hiyohiyo hadi kwenye StepManiaX, mashine yenye sehemu tano za kukanyaga, mishale minne na ya katikati.

Si hao peke yao. Mwaka 2007 Dean Herbert wa Australia aliitoa osu!, gemu ya mdundo aliyoiandika baada ya kunogewa na gemu ya Kijapani ya Nintendo DS, na hadi leo chati zake, yaani mipangilio ya kinachochezwa katika kila wimbo, zinaandikwa na wachezaji wenyewe. Mwaka 2020 vijana wachache walitengeneza Friday Night Funkin' kwenye shindano la kuunda gemu kwa siku chache tu. Ilikuwa fupi, ina nyimbo za kuhesabu, na imejaa utani. Mwaka uliofuata walipowaomba wapenzi wao wachangie toleo kamili, zilikusanyika dola zaidi ya milioni 2. Wangengoja ikamilike ndipo waitoe, nani angewajua?

Sasa tushuke kwenye kazi yenyewe, maana hofu nyingi hutokana na kudhani kazi ni kubwa kuliko ilivyo. Fungua faili la hatua la StepMania kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi, hata ya simu. Juu utakuta jina la wimbo na idadi ya mapigo kwa dakika. Chini yake kuna safu za tarakimu nne nne. 1000 ni kushoto. 0100 ni chini. 0010 ni juu. 0001 ni kulia. 0000 ni kupumzika. Ukiandika 1001, umemwambia mchezaji aruke atue kushoto na kulia kwa pamoja. Tarakimu 2 inaanzisha mshale wa kukanyaga na kushikilia, na 3 inauachia. Safu nne zinatimiza kipimo kimoja cha muziki. Unaweka mkato, unaanza kinachofuata. Ukitaka mwendo wa kasi, kipimo kilekile unakigawa kwa safu 8 au 16.

Basi. Hiyo ndiyo lugha iliyotumika kuandikia hatua za maelfu ya nyimbo. Leo jioni unaweza kuandika sekunde thelathini za kwanza za wimbo wako kwa kidole gumba ukiwa ndani ya daladala.

Ugumu upo, sikufichi, na uko kwenye muda. Wimbo wa mapigo 150 kwa dakika una milisekunde 400 kati ya pigo na pigo. Ligawe pigo mara nne, mguu umebakiwa na milisekunde 100 kufika unakotakiwa. Sasa chukua spika ya Bluetooth inayochelewesha sauti, ongeza televisheni inayochelewesha picha kwa kuirembesha, halafu mwambie mchezaji amekosea! Atakuona mwongo, na atakuwa na haki. Ndiyo maana gemu nyingi za aina hii zina mahali pa kusogeza sauti mbele au nyuma mpaka pigo na mshale vikutane. Kuna wapenzi wa In the Groove ambao hadi leo hubishana kwa uzito wote kuhusu tofauti ya milisekunde 9. Usiwacheke. Watu wanaoisikia tofauti ya namna hiyo kwa nyayo zao ndio hasa unaowahitaji, na chumbani kwako hawamo.

Wako wapi? Wako kwenye mikusanyiko. Kila mwanzo wa mwaka maelfu ya watu hukutana kwenye MAGFest, tamasha la muziki na gemu huko National Harbor, jimbo la Maryland, Marekani. Ukishalipa kiingilio, mashine za ukumbini unacheza bila sarafu, na watengenezaji huru nao wana eneo lao la kuonyesha kazi. Siku za kawaida wenye mapenzi haya hukutana kwenye kumbi kama za Round1, kampuni ya Kijapani iliyofungua tawi lake la kwanza Marekani mwaka 2010, California. Hawangoji tamasha. Ni jioni baada ya kazi, begi lina viatu vyepesi, taulo, fulana ya kubadilisha na chupa ya maji.

Mtu mgeni akiingia, hupata somo la kwanza bila kuambiwa. Kwa desturi ya zamani ya kumbi hizi, sarafu hupangwa ukingoni mwa skrini, moja kwa kila anayengoja. Hiyo ndiyo foleni. Hakuna anayeuliza wewe ni nani wala unafanya kazi wapi. Sarafu yako ikifika, unapanda. Aliye jukwaani ameshika bomba la chuma nyuma yake, mwili umelala kidogo, miguu inakimbia hadi huioni vizuri. Anashuka ametota jasho, na mara nyingi mtu wa kwanza kumpongeza ni yule aliyekuwa akishindana naye. Kisha anapanda mwanafunzi wa leo, anakosa mishale mitatu ya kwanza, na waliomzunguka wanampigia makofi ya kumhesabia mapigo.

Hapo ndipo gemu yako inapotakiwa kuwa. Ukifika nayo, usisimame mbele ukaeleza. Kaa pembeni, shika kalamu, funga mdomo. Usitazame skrini, tazama miguu. Ni sawa na mpishi anayesimama mlangoni mwa jiko kuangalia sahani zinavyorudi: kilichobaki kwenye sahani kinasema kweli kuliko sifa za mezani. Wachezaji watatu wakiteleza mahali pamoja, kosa ni la chati. Mguu mmoja ukilazimika kukanyaga mara mbili mfululizo wakati mwili ulitaka kupokezana, umemkata mtu stimu. Akigeuza nyonga, mguu wa kushoto ukavuka kwenda mshale wa kulia, na akacheka, basi hapo umepatia. Andika pia hapo. Jioni moja ya namna hii itakuonyesha mambo ambayo miezi ya kujifungia isingekuonyesha, kwa sababu wewe wimbo umeshaukariri na miguu yako haikuambii kweli tena. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Utasema, "Sawa, lakini kwetu hakuna mashine hizo." Jenga. Kila mshale ni swichi tu: karatasi mbili za aluminium, katikati sifongo nyembamba yenye matundu, na nyaya mbili. Ukikanyaga, karatasi zinagusana na umeme unapita. Nyaya unaziunganisha kwenye saketi ya kibodi kuukuu, na kompyuta inadhani umebonyeza kitufe. Juu weka ubao wa plywood au mkeka mgumu, chini weka kitu cha kuzuia kuteleza. Fundi redio wa mtaani kwako akishaelewa unachotaka, hatachukua muda mrefu. Kisha mwendee mwenye kile kibanda cha gemu ambako vijana hulipia kucheza mpira kwenye PlayStation, mwombe kona moja jioni moja. Ukumbi wa chuo, projekta ya kuazima na spika yenye waya pia vinatosha. Mkusanyiko hauhitaji ukumbi wa Tokyo. Unahitaji jukwaa moja, foleni, na watu wanaopigiana makofi.

Na una kitu ambacho wengi wa huko Marekani na Japani hawana. Singeli ya Dar es Salaam hukimbia kwa mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Wachezaji wanaosaka nyimbo za kuwachosha miguu wangeifurahia, na waandaaji wa muziki huo ni watu wa mtaani kwako, wanafikika kwa simu. Chakacha ya pwani inatembea kwa mgawo wa tatu tatu, mwendo ambao miguu iliyozoea nne nne itaufukuza kwa raha. Mpigie msanii simu, omba ruhusa ya wimbo mmoja, mwandikie jina lake kwa herufi kubwa kwenye skrini. Mcheza kwao hutunzwa.

Neno "ruhusa" nimelitaja makusudi. Mwaka 2005 Konami iliishtaki Roxor, na mwaka 2006 kesi ikaisha kwa makubaliano yaliyoiacha Konami na haki za In the Groove. Kwa hiyo ukipenda kazi ya mwenzio, jifunze kwayo, lakini usichukue jina lake, nembo yake, picha zake wala nyimbo zake. Tumia programu huria kama leseni yake inavyosema. Buni jina lako. Ukifanya hivyo mapema, siku kazi yako itakapokua hutakuwa na la kuficha, na hakuna atakayekulazimisha kuizima.

Limebaki lile linalokuzuia hasa, nalo si sheria wala aluminium. Unaogopa watu watacheka. Watacheka, ndiyo. Mshale utagoma, programu itazima katikati ya wimbo, mtu atasema hii si kama ile ya Wajapani. Mjibu kwamba kweli, bado si kama ile, kisha muulize ni wapi hasa palipomkera. Akikujibu, umepata mjaribu wa bure. Akirudi wiki ijayo kuona kama umepatengeneza, umepata mwenzako wa kazi. Timu nyingi za mashabiki huundwa hivyo: mmoja anaandika programu, mwingine analalamika, wa tatu anachoka kusikiliza malalamiko na kuanza kuandika chati yeye mwenyewe.

Kwa hiyo usiondoke hapa na hamasa tupu. Chagua wimbo mmoja ulio na ruhusa nao. Andika chati ya dakika moja na nusu, ya ngazi rahisi, ambayo hata shangazi yako ataimaliza, kwa sababu asiyemaliza wimbo wa kwanza harudi kwenye wa pili. Pima muda wa sauti kwa waya, si kwa Bluetooth. Taja siku na mahali, na umtangazie mtu ambaye utaona haya kumwangusha. Siku hiyo ikifika gemu ikiwa nusu, ipeleke hivyohivyo ikiwa nusu.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na asiyekubali kuonekana akijifunza hatatengeneza gemu ya watu. Danford na wenzake hawakungoja Konami iwape ruhusa ya kupenda muziki na kuuandikia hatua. Nawe usingoje tangazo la kazi, mfadhili wala toleo lisilo na kasoro. Kuna kijana mtaani kwako ambaye hajawahi kuambiwa kwamba miguu yake ina akili. Mwekee jukwaa mbele, washa muziki, umwambie apande.