Mgonjwa na Tabibu katika Shauri Moja

Yako maradhi yanayopita na yako maradhi yanayohamia. Malaria humlaza mtu siku kadhaa, ikatibiwa, ikaondoka. Mfupa uliovunjika hufungwa ukaunga. Na katika hali kama hizo mgonjwa anaweza kujitia mikononi mwa tabibu, akafumba macho mpaka afya imrudie, wala utu wake usipungukiwe na kitu kwa kufanya hivyo. Lakini kisukari kikishaingia mwilini aghalabu hakiondoki tena. Hufuatana na mwenyewe shambani na safarini, arusini na matangani, na kwa hiyo swali la nani mwenye haki ya kuamua juu ya tiba, tabibu mwenye ilimu au mgonjwa mwenye mwili, haliwezi kupewa jawabu lile lile litoshalo kwa malaria.

Wengi walifikirio swali hili hudhani kwamba mamlaka yote yako mkononi mwa tabibu, na kwamba linalobishaniwa ni kiasi gani akubali kumgawia mgonjwa. Mimi naona dhana hiyo imepinduka. Na tuitazame siku moja ya mwenye kisukari: ukubwa wa tonge na idadi ya matonge, chai ya sukari iliyomiminwa na mwenyeji ambaye ni haya kumkatalia, kidonge cha asubuhi kilichomezwa, au kilichowekwa kwa ajili ya kesho kwa kuwa fedha hazikutosha kununua vya mwezi mzima, sindano ya insulini iliyochomwa kabla ya chakula, au iliyosahauliwa kwa harakati za soko. Kila moja katika hayo ni uamuzi wa tiba, na hakuna hata mmoja uliofanyika mbele ya tabibu. Hata tukikadiria kwamba wawili hao huonana kwa robo saa kila baada ya miezi mitatu, hiyo ni saa moja katika saa 8,760 za mwaka. Mgonjwa, basi, ameshaamua, na ataamua tena leo usiku, apewe idhini asipewe. Lililobaki ni kujua kama ataamua gizani au katika mwanga wa ilimu ya tabibu, na kama ilimu hiyo nayo itafanya kazi juu ya maisha ya kweli ya mtu au juu ya maisha ya kudhaniwa.

Jambo hili kisukari chenyewe kiliwafunza matabibu kabla ya wenye nadharia kulitungia majina. Elliott Joslin, tabibu wa Boston huko Marekani, alichapisha mwaka 1918 kitabu cha mwongozo alichowaandikia tabibu na mgonjwa wakitumie pamoja, wakati ambapo insulini ilikuwa haijapatikana na tiba kubwa ilikuwa kuzuia chakula, kazi ambayo hakuna tabibu awezaye kuifanya kwa kinywa cha mwenziwe. Insulini ilipopatikana Toronto, na kuanza kutiwa katika mwili wa binadamu Januari 1922, iliwarudishia uhai watoto waliokuwa wakingojea kifo. Lakini ilileta na wajibu mpya, kwani mgonjwa au mzazi wake alilazimika kuishika sindano mwenyewe, kila siku, nyumbani kwake. Mwaka 1956 Thomas Szasz na Marc Hollender, matabibu wa maradhi ya akili, waliandika kwamba uhusiano huu una namna tatu: tabibu hutenda na mgonjwa hutendewa, kama mtu aliyezimia, tabibu huongoza na mgonjwa hufuata, kama mwenye homa kali, na ya tatu, ambamo wote wawili hushiriki, wakaitolea mfano wa maradhi sugu, kisukari kikiwamo.

Falsafa ya kale nayo haikulikosa wazo hili. Plato, katika kitabu chake cha Sheria, aliwatenga matabibu wa Wayunani mafungu mawili: watumwa waliowatibu watumwa, ambao walitoa amri bila ya maelezo kisha wakamkimbilia mgonjwa mwingine, na walio huru waliowatibu walio huru, ambao waliuliza asili ya ugonjwa, wakazungumza na mgonjwa na jamaa zake, wasiagize dawa mpaka wamemridhisha. Aristotle akaongeza kwamba nyumba huhukumiwa vyema zaidi na akaaye ndani yake kuliko aliyeijenga. Inaniuma kuona kwamba, baada ya karne zote hizo, katika kliniki nyingi mtu aliye huru kwa sheria bado hutibiwa kwa desturi ya lile fungu la kwanza.

Fikiri tabibu kijana wa Tanga au Unguja, na bibi mwenye umri wa mama yake. Akiingia, kijana humwanza kwa taadhima, "Shikamoo, bibi," naye huitikia, "Marahaba, mwanangu." Mara daftari la kliniki linapofunguliwa, daraja hugeuka. "Dawa unameza kama nilivyokwambia?" "Naam, daktari." Ilhali kwa wiki nyingi amekuwa akimeza nusu, maana metformini humchafua tumbo, na kwenye shughuli za watu anaona aibu kuinuka kila mara kwenda msalani. Tabibu huiona sukari iko juu, akakata shauri kwamba dawa haikutosha, akaongeza kipimo. Bibi akaikunja karatasi, akaifunga katika pindo la kanga, akaenda zake. Hesabu ya tabibu ni sahihi na msingi wake ni uongo, na uongo wenyewe haukuzaliwa na ubaya wa mtu yeyote. Ulizaliwa na heshima.

Kimya hicho kina sababu zake, na insafu yataka tuzitaje za pande zote mbili. Mgonjwa huogopa kukaripiwa kama mtoto. Huogopa pia kwamba anayemsahihisha mjuzi atanyimwa huruma ya mjuzi siku atakapoihitaji. Tabibu naye ana foleni inayofika uani, na anajua kwamba akimwuliza mgonjwa, "Wewe mwenyewe waonaje?", yamkini ataondoka akiwaambia majirani kwamba daktari yule hajui kazi yake. Hata hivyo, siwezi kuzipima hofu hizi kwa mizani moja. Mwenye nguvu katika mazungumzo ndiye apasaye kuufungua mlango, na swali la tabibu likiulizwa kwa namna isiyohukumu, mathalan, "Wengi dawa hii huwasumbua tumbo, wewe je?", kweli hutoka bila ya kuvunja adabu ya mtu.

Wala nisieleweke kwamba tabibu amtupie mgonjwa mzigo wote, akamtajia dawa tatu na madhara yake kisha akamwambia, "Chagua mwenyewe." Huko ni kumtelekeza mtu kwa jina la uhuru wake. Mgonjwa hakuja kutafuta orodha. Alikuja kutafuta mtu mwenye ilimu atakayesimama naye, amwambie wazi lipi analoliona jema na kwa nini, kisha akubali kuulizwa. Na akiwapo asemaye, baada ya kuelezwa na kufahamu, "Wewe ndiwe mjuzi, niamulie," huyo ametumia hiari yake kama alivyopenda, na kumlazimisha achague ni kumwonea.

Mtihani mgumu zaidi wa fikira hizi nauona katika mwezi wa Ramadhani. Sheria ya dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula, lakini wako waumini ambao kuacha kufunga huwauma kuliko ugonjwa wenyewe. Tabibu asemaye, "Usifunge," akafunga daftari, hudhani amezuia hatari. Bibi hufunga kwa siri, akameza vidonge vyake vyote alfajiri au akachoma insulini ile ile ya kila siku, na adhuhuri sukari ikamshuka hadi akaanguka. Mashauriano ya mwezi wa Shaabani yangeweza kuamua kipi kipunguzwe, kipi kihamishwe kwenye futari na kipi kwenye daku, na kwamba kipimo cha sukari kikishuka chini ya 3.9 mmol/L afungue papo hapo. Lakini itakuwaje ikiwa hatari ni kubwa mno kwake, ameelezwa yote, ameyafahamu, na bado amenuia kufunga? Wapo wasemao kwamba hapo tabibu ameshatimiza wajibu wake na anawe mikono. Mimi nasema hapo ndipo wajibu unapoanza kuwa mzito. Aseme bila ya kuficha kwamba haoni vyema. Kisha amfunze dalili za sukari kushuka, yeye na binti anayeishi naye, amjulishe kwamba wanavyuoni wengi hawaoni kuwa kutoboa kidole kwa kupima hubatilisha saumu, na ampangie siku ya kurudi kliniki katikati ya mwezi, awe amefunga au hakufunga.