Je, Mume Ana Haki ya Kumficha Mkewe Ugonjwa?

Wanaume wengi wanapopita umri wa miaka 50 huanza kuamka mara kwa mara usiku kwenda haja ndogo. Mkojo hukawia kutoka, hutoka kwa udhaifu, na akimaliza mtu huhisi kama bado. Mara nyingi sababu ni tezi dume iliyokua na kubana njia ya mkojo. Kukua huku si kansa, wala si malipo ya uasherati. Hata hivyo, wengi humficha mama watoto, wakanywa dawa kisirisiri.

Wengine watasema: mwili ni wake, aibu ni yake. Kweli, kila mtu ana haki ya kusitiriwa. Lakini stara ni ya kutukinga na midomo ya majirani. Walioahidiana kupokeana katika afya na ugonjwa hawawezi kuitumia stara kama ukuta kati yao.

Tazameni dawa zenyewe. Tamsulosini hulegeza misuli kwenye shingo ya kibofu. Yaweza kuleta kizunguzungu, na katika tendo la ndoa mbegu zikapungua au zisitoke. Finasteridi hupunguza tezi polepole, kwa miezi sita au zaidi, na kwa wengine hupunguza hamu na nguvu. Mke asiyejua atadhani amechokwa, au kuna mwanamke wa nje. Tena, mke mjamzito hapaswi kushika vidonge vya finasteridi vilivyovunjika, kwa maana vyaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Siri inayomgusa mwingine hivi si ya mtu mmoja tena.

Na mitishamba? Gome la mti ambao Wakikuyu huuita muiri lina sifa ya siku nyingi. Mwaka 2002 wataalamu walipitia majaribio 18 yaliyohusu wanaume 1,562, wakaona kwamba dawa iliyokamuliwa kutoka gome hilo huleta nafuu ya kiasi. Lakini majaribio mengi yalikuwa ya muda mfupi, na dawa iliyopimwa si sawa na gome la kuchemsha nyumbani. Tena gome halimwambii mtu kama ana kansa. Hiyo ni kazi ya daktari. Naye aambiwe kila kitu kinachonywewa, maana finasteridi hushusha kipimo cha damu cha tezi dume karibu nusu. Anayeona damu katika mkojo, au anayeshindwa kabisa kukojoa, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mama, nawe una wajibu. Ukweli huhitaji mahali salama pa kutua. Akikuambia, usimcheke, wala usilipeleke jambo hilo kwenye kikundi cha akina mama. Msindikize kliniki.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika ndoa, mara nyingi upendo huumbuka kwanza. Baba, mwambie leo.